Maisha ya George Washington Carver na Ufundishaji wa Sayansi ya Mimea

Katika kata ya Ihanda, wilayani Mbozi, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, watoto wengi wa shule wamekulia shambani. Kahawa, mahindi na maharage wameyajua kabla ya kuijua herufi ya kwanza. Kwa sababu hiyo, mwalimu wa huko hukutana na swali ambalo ni zito kuliko linavyoonekana: kwa nini kijana apelekwe chuo kikuu, kwa fedha iliyopatikana kwa kuuza kahawa, akasomee sayansi ya mimea au kilimo cha bustani, ilhali wazazi wake wamelima maisha yao yote bila shahada?

Mzazi aulizaye hivyo haidharau elimu. Anataka kujua kama kuna jambo lolote ambalo chuo kinalijua na yeye halijui. Kijana naye, anapojaza fomu za kuomba vyuo, mara nyingi huandika udaktari na uhandisi kwanza, na kilimo hukiweka mwisho, kama mahali pa kukimbilia akishindwa kwingine. Nasi walimu hatuna budi kukiri sehemu yetu katika jambo hili. Mwanafunzi ambaye kwa miaka mingi ameliona jembe likitolewa kama adhabu ya kuchelewa au kupiga kelele darasani, hawezi kuamini kwa urahisi kwamba shamba ni mahali pa kusomea.

Makala haya hayakusudii kulijibu swali hilo kwa hoja tupu. Yanasimulia maisha ya mtu aliyesomea mimea hadi shahada wakati ambapo watu wa rangi yake nchini mwake walihesabiwa kuwa wa kulima tu, kisha akatumia karibu miaka 47 kuifundisha elimu hiyo. Mtu huyo ni George Washington Carver.

Utoto na kutafuta shule

Carver alizaliwa utumwani karibu na Diamond, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, mnamo mwaka 1864 hivi. Tarehe yake haikuandikwa popote, kwa kuwa mtoto wa mtumwa alihesabiwa pamoja na mali. Mama yake, Mary, alikuwa mtumwa wa mkulima aitwaye Moses Carver. George angali mchanga, majambazi waliovizia mashamba wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe walimteka yeye na mama yake. Moses Carver alimtuma mtu awafuatie. Mtoto alipatikana akiwa hoi kwa ugonjwa, lakini mama hakuonekana tena. Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, Moses na mkewe Susan waliwalea George na kaka yake Jim.

Mtoto huyo alikuwa dhaifu wa mwili, hivyo hakupewa kazi nzito za shamba. Alijifunza kupika, kufua, kushona na kutunza bustani. Muda uliobaki aliutumia msituni. Huko alikuwa na bustani yake ya siri, ambamo alipanda mimea aliyoiokota na kuiuguza ile iliyonyauka. Majirani walipoona kwamba mimea iliyomshinda mwenyewe hupona mikononi mwa mtoto, wakaanza kumletea yao, wakamwita daktari wa mimea. Ingekuwa kosa kusema kwamba alikuwa na uchawi wowote. Alikuwa na subira ya kutazama, na hiyo ndiyo mbegu ya kwanza ya sayansi.

Shule ya jirani haikupokea watoto weusi. Akiwa bado kijana mdogo aliondoka nyumbani, akaenda Neosho, mji ulio umbali wa kilomita zipatazo 13, palipokuwa na shule ya watoto weusi. Hapo alipokewa na Mariah Watkins, mkunga na mfuaji nguo, akaishi kwake huku akimsaidia kazi za nyumbani. Elimu ya shule hiyo ilipokwisha, alihamia jimbo la Kansas. Katika mji wa Fort Scott, mwaka 1879, aliona kwa macho yake mtu mweusi akiuawa na kundi la watu bila kufikishwa mahakamani. Aliuhama mji huo, akaendelea na safari ya kutafuta shule, akijilipia karo kwa kufua na kupiga pasi nguo za watu.

Alipomaliza masomo ya sekondari aliomba nafasi katika chuo kimoja cha Kansas, mahali paitwapo Highland. Maombi yake yalikubaliwa kwa barua. Alipofika chuoni mwaka 1885 na kuonekana kuwa ni mweusi, alikataliwa mlangoni. Mwaka uliofuata alichukua ardhi katika uwanda mkavu wa magharibi ya Kansas, akajenga nyumba ya matofali ya udongo na nyasi, akalima kwa mikono yake ekari zipatazo 17. Hivyo basi, mtu huyu aliyekuja kuwa mtaalamu wa mimea aliwahi kuwa mkulima mdogo, mwenye jembe na deni, kama walivyo wakulima wengi tuwajuao.

Mchoraji anayekwenda kusomea mimea

Mwaka 1890 Carver aliingia Chuo cha Simpson, katika jimbo la Iowa. Hakwenda huko kusomea kilimo, bali alitaka kuwa msanii, akasoma uchoraji na muziki. Mwalimu wake wa uchoraji, Etta Budd, alitambua kipaji chake, lakini aliona pia mambo mawili mengine: kwamba kijana huyu huchora mimea kama mtu anayeijua kwa undani, na kwamba itakuwa shida kwa mtu mweusi katika nchi ile kupata riziki kwa picha. Baba yake mwalimu huyo, Joseph Budd, alikuwa profesa wa kilimo cha bustani katika chuo cha kilimo cha jimbo hilo, mjini Ames. Mwalimu alimshauri Carver aende huko.

Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Carver aliipenda sanaa kuliko kitu chochote, na kuiacha kulikuwa ni kujinyima. Lililomvuta ni fikra kwamba watu wake, waliotoka utumwani bila ardhi wala mtaji, walihitaji zaidi mtu wa kuwafundisha namna ya kuitunza ardhi kuliko picha za maua. Mwaka 1891 akahamia Ames, akawa mwanafunzi wa kwanza mweusi wa chuo hicho. Mwanzoni hakupewa chumba pamoja na wenzake. Alilala katika ofisi iliyokuwa haitumiki, na chakula alitakiwa kula chini ya jengo pamoja na wafanyakazi. Alistahimili, na kwa muda si mrefu alikubalika miongoni mwa wanafunzi.

Masomo yake hayakuwa masomo ya kushika jembe. Alisoma botania, kemia, elimu ya wadudu na elimu ya bakteria. Alijifunza kubebesha miche ya matunda na kuchavusha maua kwa mkono ili kupata aina mpya. Insha yake ya shahada, aliyoimaliza mwaka 1894, ilieleza jinsi mwanadamu anavyoibadilisha mimea kwa njia hizo. Wala uchoraji haukupotea: mwaka 1893 picha yake ya mmea wa yuka ilionyeshwa na kusifiwa katika maonyesho makuu ya Chicago. Jicho lililozoea kuufuatisha mshipa wa jani kwa kalamu ndilo lililoweza kuona doa dogo la ugonjwa katika jani hilo.

Baada ya shahada ya kwanza, Profesa Louis Pammel, mwanabotania mashuhuri, alimchukua kuwa msaidizi wake. Carver alikabidhiwa nyumba ya vioo ya kuoteshea mimea, akawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, akakusanya kuvu wanaoambukiza mimea, kazi ambayo ilimpa jina miongoni mwa wataalamu. Katika matembezi yake mashambani alifuatana mara nyingi na mtoto wa profesa mwenzake, akimwonyesha sehemu za maua na majani. Mtoto huyo, Henry A. Wallace, alikuja kuwa mtafiti wa mbegu chotara za mahindi, kisha Waziri wa Kilimo, na hatimaye Makamu wa Rais wa Marekani tangu 1941 hadi 1945.

Maabara kutoka jalalani

Mwaka 1896 Carver alipata shahada ya uzamili. Angeweza kubaki Ames, penye vitabu, vyombo na heshima. Mwaka huohuo Booker T. Washington, mkuu wa shule ya watu weusi ya Tuskegee katika jimbo la Alabama, alimwita akaongoze idara ya kilimo. Alikubali, akakaa huko hadi kufa kwake.

Alipofika hakukuta maabara. Aliwachukua wanafunzi wake wakapita majalalani wakiokota chupa, mikebe, waya na vipande vya vyombo. Chupa ya wino iliyotiwa utambi ikawa taa ya kuchemshia. Chupa zilizovunjika zilikatwa zikawa vikombe vya majaribio. Mwalimu asomaye habari hii asidhani kwamba Carver aliona umaskini kuwa ni jambo jema. Alidai vyombo bora kwa miaka mingi, na barua zake kwa mkuu wake zilijaa madai hayo. Lakini hakukubali somo lingoje vyombo.

Udongo wa Alabama ulikuwa umechoka. Kwa vizazi kadhaa ulikuwa umelimwa pamba tupu, mwaka hadi mwaka, nayo mvua ikauchukua. Wakulima weusi walio wengi walilima ardhi ya watu wengine kwa kugawana mavuno, na madeni yao yaliwafunga katika pamba hiyohiyo. Katika shamba la majaribio, lililoanzishwa kwa sheria ya jimbo mwaka 1897, Carver alitumia elimu yake ya chuo kikuu kwa kazi moja iliyo wazi: kutafuta njia ya kuurudishia udongo nguvu bila kununua kitu ambacho mkulima hana fedha ya kukinunua.

Jibu alilolisisitiza lilikuwa kunde, karanga na viazi vitamu kwa zamu na pamba. Kunde na karanga ni jamii ya mikunde, na katika mizizi yake huishi bakteria wanaoitwaa naitrojeni iliyo hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mabaki ya mazao hayo yakirudishwa udongoni, zao lifuatalo hunufaika. Pamoja na hayo alifundisha kutengeneza mboji kwa majani ya msituni na matope ya kinamasi. Hakuvumbua yeye elimu ya mikunde wala ya mboji. Kazi yake ilikuwa kuipima katika udongo wa mahali pale, kisha kuieleza kwa lugha ambayo mtu asiyesoma sana aliweza kuifuata.

Kwa ajili hiyo aliandika vijarida vyepesi, ambavyo vilifikia 44. Kila kimoja kilimhudumia mkulima, mwalimu na mama wa nyumbani kwa pamoja. Kijarida cha mwaka 1916 kilieleza kilimo cha karanga pamoja na njia 105 za kuzitayarisha kwa chakula. Na kwa kuwa wengi hawakuweza kusoma wala kufika shuleni, mwaka 1906 Tuskegee ilianza kupeleka shule kwao: gari la kukokotwa na wanyama, lililogharimiwa na tajiri Morris Jesup wa New York, likabeba majembe ya kukokotwa, mbegu na vyombo vya maziwa kutoka kijiji hadi kijiji. Thomas Campbell, aliyesoma Tuskegee, alipewa kazi ya kuliongoza, akawa bwana shamba wa kwanza mweusi katika utumishi wa serikali ya Marekani.

Sifa na ukweli

Jina la Carver lilienea hasa baada ya mwaka 1921, alipotoa maelezo juu ya karanga mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi mjini Washington. Alipewa dakika 10. Licha ya kejeli za baadhi ya wajumbe, walipoona vitu alivyovitoa sandukuni walimwongezea muda hadi alipomaliza. Tangu hapo magazeti yalimfanya kuwa mtu wa miujiza, na walimu wengi bado husimulia habari zake kwa namna hiyo. Ni wajibu wetu kuzisahihisha.

Carver hakuvumbua siagi ya karanga. Hati ya uvumbuzi wa rojo ya karanga ilitolewa kwa Marcellus Edson wa Kanada mwaka 1884, na bibi zetu walitwanga karanga vinuni bila hati yoyote. Katika mamia ya vitu ambavyo husemwa alivitengeneza kutokana na karanga, vichache sana viliwahi kuuzwa. Hati alizopewa zilikuwa 3 tu, za miaka ya 1925 hadi 1927, juu ya vipodozi na rangi. Tena hakuwa msimamizi hodari. Aligombana na mkuu wake kwa sababu ya taarifa zisizo sahihi za banda la kuku na kwa sababu ya madaraka ya idara. Wako pia waliomlaumu kwa kutosema kwa sauti kubwa juu ya ubaguzi ulioendelea kuwakandamiza watu wake.

Tukiyaondoa yote yaliyotiwa chumvi, kinachobaki hakipungui thamani. Anabaki mtu aliyeweza kuusoma udongo na ugonjwa wa mmea, na aliyewapelekea majibu wale ambao hawakuwa na mtu mwingine wa kuwapelekea. Alifariki tarehe 5 Januari 1943, baada ya kuanguka. Hakuoa. Akiba aliyoiweka maishani aliiacha kwa mfuko wa utafiti aliouanzisha Tuskegee.

Karanga za Kongwa

Miaka minne baada ya kifo chake, zao hilohilo la karanga liliifanya nchi yetu ijulikane duniani kwa njia ya kusikitisha. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa kulima karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ilikusudiwa kufyeka zaidi ya ekari milioni 3. Uchunguzi wa awali ulichukua wiki chache, na sehemu yake ulifanywa kutoka angani. Matrekta yaliletwa kwa wingi. Lakini mvua ya Kongwa haikutegemeka, na udongo wake wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kiasi kwamba karanga hazikung'oka. Mwaka 1951 mpango uliachwa baada ya kupoteza mamilioni ya pauni.

Mifano hii miwili ikiwekwa pamoja, swali la mzazi wa Ihanda linaanza kupata jibu. Kongwa palikuwa na mashine na fedha, lakini hapakuwa na mtu aliyepewa muda wa kuuliza udongo. Tuskegee palikuwa na shamba dogo na chupa za jalalani, na hapo udongo uliulizwa mwaka hadi mwaka. Shahada ya sayansi ya mimea haimfundishi kijana kulima. Hilo mzazi amekwisha kulifanya. Humfundisha kuuliza mmea na udongo swali moja moja, kulipima jibu, na kuliandika ili mwingine alitumie.

Mambo ya kufanya darasani

Mwalimu aliye Ihanda anaweza kuanza na jani la mkahawa. Wanafunzi walete majani yenye madoa, na kila mmoja alichore jani lake pande zote mbili, kwa ukubwa wake, kabla ya kuambiwa jina la ugonjwa. Wakiona unga wa rangi ya machungwa upande wa chini, watakuwa wamekutana na kutu ya majani, ambayo ni kuvu, yaani viumbe wa jamii ileile ambayo Carver aliikusanya. Kuchora huku si mapambo, kwani humlazimisha mwanafunzi kuona kabla ya kusema.

Somo la pili liwe la mizizi. Mche wa maharage uchimbuliwe kwa uangalifu, using'olewe, uoshwe, na vinundu vyake vipasuliwe kwa ukucha. Kinundu chenye wekundu ndani kinafanya kazi. Kilicho cheupe au kijivu hakifanyi. Baada ya hapo yatengwe matuta mawili yaliyo sawa, moja la mahindi yanayofuata mahindi, na jingine la mahindi yanayofuata maharage. Mbegu, nafasi na siku ya kupanda ziwe zilezile, ili tofauti ibaki moja. Vipimo viandikwe katika daftari la darasa, nalo likabidhiwe kwa darasa linalofuata, kwa kuwa jaribio la mwaka mmoja halitoshi. Wakati wa kuvuna wazazi waalikwe wapime wenyewe, na maoni yao yaandikwe pia, maana wao wanaijua mvua ya mahali hapo kuliko sisi.

Jambo la tatu ni la mwalimu mwenyewe. Shamba la shule lisitumike tena kuwa mahali pa adhabu. Hatuwezi kumwadhibu mtoto kwa jembe siku ya Jumatatu, kisha Jumanne tukamshawishi kwamba mimea ni sayansi.

Kijana atakayeonyesha subira ya kutazama na kuandika asielekezwe kilimo kama mahali pa walioshindwa. Aambiwe kwamba Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichopewa hadhi hiyo mwaka 1984 baada ya kuanza kama chuo cha kilimo mwaka 1965, na kwamba masomo ya mimea na ya bustani hutolewa huko hadi shahada. Aambiwe pia ukweli kwamba masomo hayo ni magumu na kwamba ajira haina uhakika. Na mzazi aulizapo fedha yake itamrudishia nini, mwalimu asimpe hadithi ya miujiza ya karanga. Ampeleke kwenye matuta mawili ya shule, amwonyeshe daftari la darasa, na amwache ayalinganishe mahindi mwenyewe.